Baraza, pazia, ukuta wa kusitiri au ngazi: mpaka upi uufae mlango wako

Nyumba nyingi zinazojengwa sasa Mtwara na Lindi zina kasoro moja: mlango wa mbele ukifunguliwa tu, mgeni yuko sebuleni. Hana pa kusimama kabla ya kuingia. Muuza samaki, mjumbe wa mtaa, mpangaji anayeleta kodi na mjomba aliyeteremka kutoka Newala, wote wanafika pale pale kwa hatua ile ile, na aliyejilaza mkekani hapati hata nafasi ya kujifunga kanga vizuri. Geti la chuma huko nje halitengenezi jambo hili, kwani mchana kutwa liko wazi.

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ililimaliza kwa matabaka. Kuna baraza, kuna mlango, kuna ukumbi wenye vyumba vitatu huku na vitatu huku, halafu ua wenye jiko na choo. Kila mtu hukomea kwenye tabaka lake. Mpango huo ni wa kale pwani hii: pale Songo Mnara, jirani na Kilwa Kisiwani, nyumba za mawe za karne ya 14 na 15 zilimshusha mgeni kwa ngazi hadi kwenye kiwanja kilichozama mbele ya vyumba, na vyumba vya faragha vikawekwa nyuma kabisa.

Wasanii wanaojenga kazi za kuingia ndani yake, yaani zile zinazojaza chumba na kumtaka mtazamaji apite katikati, wamelijaribu suala hili kwa miili ya watu. Vipimo vyao vinamfaa fundi mwashi kama vinavyomfaa anayeandaa maonyesho, kwa hiyo tumeviweka pamoja humu.

Kabla ya kulinganisha, jiulize unataka kuzuia nini: jicho, sikio au mguu. Kisha uliza upepo utapita wapi. Kwa joto la hapa, mpaka unaozuia upepo utabomolewa au utafungwa kwa kamba pembeni kabla mwaka haujaisha.

| Mpaka | Jicho | Sauti | Mguu | Upepo |
|---|---|---|---|---|
| Baraza | hauzuii | hauzuii | unazuia kwa adabu | unapita |
| Pazia la kitambaa | mchana ndiyo, usiku inategemea taa | hauzuii | unazuia kwa adabu | unapita kiasi |
| Pazia la nyuzi | nusu | linatoa sauti mtu akipita | hauzuii | unapita |
| Ukuta wa kusitiri | unazuia | unapunguza | unapindisha njia | unazuia usipoachiwa matundu |
| Ngazi au kizingiti | hauzuii | hauzuii | unazuia | unapita |
| Mlango wa grili | hauzuii | hauzuii | unazuia kwa nguvu | unapita |

Grili tuimalize hapa hapa. Ni ya mwizi, si ya faragha. Ukiiweka, piga rangi ya kuzuia kutu kwanza, hasa kwenye maungio ya welding, maana chumvi ya bahari huanzia hapo. Kisha uchague mpaka mwingine wa kuweka nyuma yake.

Baraza

Baraza ndiyo mpaka pekee unaomkaribisha mtu huku ukimzuia. Anakaa, anapewa maji, anazungumza, anaondoka, na hajaingia. Ndiyo maana tunaitanguliza kwa yeyote ambaye bado hajamwaga msingi.

Kimo cha kukalia kiwe sentimita 40 hadi 45. Kina kikiwa sentimita 50 panatosha mtu kukaa akiegemea ukuta. Kama kuna cherehani, bao au mkeka wa kulala mchana, nenda hadi sentimita 90 au zaidi. Uso wake uteremke kuelekea nje sentimita 2 kwa kila mita, la sivyo maji ya masika yatatuama mguuni mwa ukuta na plasta ya ndani itaanza kuvimba. Bati lichomoze kupita ukingo wa baraza kwa sentimita 30 angalau.

Kinachoharibika zaidi ni mahali baraza inapokutana na ukuta wa nyumba. Nyumba ina msingi wake, baraza mara nyingi imekalia mchanga uliojazwa jana. Baada ya mvua mbili tatu baraza inashuka, nyumba haishuki, na ufa unafunguka kati yake. Dawa ni kuushindilia mchanga kwa matabaka ya sentimita 15 huku ukimwagia maji, kisha kuacha nafasi nyembamba ya makusudi kati ya baraza na ukuta, ijazwe kitu laini juu yake badala ya kuunganishwa kwa saruji. Na usichukue mchanga wa ufukweni. Chumvi yake hutoa unga mweupe, hubandua rangi na hula nondo.

Udhaifu wa baraza ni kwamba haizibi jicho wala sikio. Mtu aliyeketi nje anasikia kila linalosemwa sebuleni kama dirisha liko juu yake. Basi dirisha la sebule lisikae juu ya kiti cha mgeni, lisogezwe upande wa pili wa mlango.

Pazia la kitambaa

Hapa ndipo tutakapokaa sana, kwa sababu pazia ndilo linalowezekana kwa mpangaji, halihitaji fundi mwashi, na ndilo linalokosewa zaidi.

Mlango wa kawaida ni sentimita 90 kwa 210. Kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110. Wengi hutundika kanga moja kwa kimo, wakaishia na pengo la zaidi ya nusu mita chini, linaloonyesha miguu ya kila aliyeko ndani. Chukua doti nzima. Laza kanga zote mbili kwa upana, moja juu ya nyingine, shona mahali zinapokutana. Unapata upana wa sentimita 150 na urefu wa 220. Kunja sentimita 8 juu kwa ajili ya fimbo na 7 chini kwa pindo, unabaki na pazia la sentimita 205. Upana wake unazidi mlango kwa theluthi mbili, na hiyo ndiyo mikunjo inayolifanya pazia lizibe hata likitikisika. Jina la kanga ya juu litaangukia kimo cha kifua cha mgeni anayebisha hodi, kwa hiyo lichague ukijua kwamba litasomwa na kila mtu.

Wakati wa kusi pazia jepesi hupepea hadi linaviringika kwenye fimbo. Weka uzito katika pindo: kifuko chembamba cha mchanga chenye gramu 100 hivi kila pembe kinatosha. Mnyororo pia hufaa, ila uwe wa plastiki au usioshika kutu, maana kutu huacha madoa kitambaani. Acha sentimita 3 hadi 5 kutoka sakafuni ili pindo lisifagie.

Sasa taa. Mchana nje ni kweupe na ndani ni giza, hivyo hata kitambaa chepesi humziba aliye ndani huku yeye akiona nje vizuri. Magharibi mambo yanageuka. Taa ya ndani ikiwashwa, aliye barabarani ndiye anayeona. Kosa kubwa ni taa iliyofungwa ukuta wa nyuma unaotazamana na mlango: kila anayepita kati yake na pazia anachorwa kivuli kizima, umbo na mwendo. Hamishia taa upande wa ndani juu ya mlango wenyewe. Mwanga utawapiga watu kutokea upande wa pazia na kivuli kitaanguka nyuma yao. Ukiwasha na taa ya barazani, kazi imekwisha. Kama pazia ni la wavu au la kitambaa chembamba sana, hata hilo halitoshi. Ongeza pazia la pili zito la usiku. Kupima ni rahisi: saa mbili usiku simama barabarani, mtu mwingine atembee ndani.

Msanii wa Korea Kusini Do Ho Suh, aliyezaliwa mwaka 1962, amejenga kazi zake nyingi juu ya sifa hii hii. Anashona nyumba na korido alizoishi, kwa ukubwa wake halisi, kwa kitambaa cha poliesta kinachopitisha mwanga: miimo, vitasa, swichi, yote kwa sindano na uzi. Ukiwa ndani unawaona watu wa upande wa pili wakiwa maumbo tu. Ukuta upo na faragha haipo. Anayetaka kuwaonyesha watu wa hapa jambo hilo hahitaji poliesta ya nje. Neti ya mbu mpya inafanya kazi ile ile, na kila mtu atakayeingia tayari ameshalala ndani ya mpaka wa namna hiyo.

Pazia la nyuzi

Hili halizuii kitu, linatangaza. Anayepita anaguswa usoni na mabegani, na nyuzi zinagongana. Felix Gonzalez-Torres, mzaliwa wa Kuba aliyefariki mwaka 1996, alitundika mapazia ya shanga kwenye milango ya majumba ya sanaa katika miaka ya 1990, na huwezi kufika chumba cha pili bila kuyagusa. Kwa nyumbani linafaa mlango wa ukumbi kwenda uani, ambako unataka kujua nani kapita bila kumzuia.

Kwa mlango wa sentimita 90, nyuzi moja kila sentimita 3 ni nyuzi 31, kila moja mita 2. Tumia mshipi wa kuvulia ulio mnene, usitumie waya. Vipande vya vifuu vya nazi vilivyotobolewa, vizibo, au vipande vya mwanzi vinafaa. Funga fundo kila baada ya sentimita 10, ili mshipi ukikatika vimwagike vichache tu. Fimbo ya pazia ya kawaida itapinda kwa uzito huu. Weka mbao ya mbili kwa mbili. Maganda ya korosho yasikushawishi kwa wingi wake: mafuta yaliyomo huunguza ngozi, na hapa yatakuwa yanagusa nyuso za watu. Makombe na kauri nazo ziache baharini, hasa zile za eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi.

Ukuta wa kusitiri

Ni ukuta mfupi uliosimamishwa ndani, mkabala na mlango, unaomlazimu anayeingia kupinda kulia au kushoto. Kwa jicho hauna mpinzani: mlango unaweza kukaa wazi kutwa. Lakini unadai vipimo, na kosa lake halirekebishiki kwa sindano.

Uchomoze sentimita 30 kila upande wa mlango, yaani mlango wa 90 unataka ukuta wa mita 1.5. Kimo mita 1.8 kinatosha, kwa sababu macho ya mtu mzima aliyesimama huwa kati ya sentimita 150 na 165. Kama sakafu ya ndani iko chini kuliko barabara, ongeza tofauti hiyo juu. Eneo lake ni mita za mraba 2.7, kwa tofali la inchi 18 kwa 9 unahitaji kama 25, nunua 28, bila kuhesabu mkono utakaotajwa hapa chini. Udongo wa kujengea uwe saruji 1 kwa mchanga 6.

Uzito ndio unaosahaulika. Ukuta huo wa unene wa inchi 6 unakaribia kilo 800. Ukiukalisha juu ya sakafu ya zege jembamba lisilo na nondo, sakafu itapasuka kwa mstari ulionyooka. Chimba msingi wa upana wa sentimita 40, au ujenge kwa fremu ya mbao na ubao. Na ukuta uliosimama peke yake huanguka ukisukumwa, hivyo upe mkono wa sentimita 45 upande mmoja, uwe na umbo la herufi L.

Njia kati ya mlango na ukuta iwe na upana gani? Hapa ndipo wengi hujutia. Jaribio maarufu ni korido ya mwanga wa kijani aliyoijenga Mmarekani Bruce Nauman mwaka 1970, yenye upana wa kama sentimita 30: mtu mzima anapita kwa ubavu, na mwili wenyewe unamwambia kwamba hapa si pake. Mwanaanthropolojia Edward T. Hall, pia wa Marekani, aliweka mwaka 1966 mipaka ya umbali ambayo bado inatumika: hadi sentimita 45 ni ya watu wa ndani kabisa, hadi mita 1.2 ni ya watu wanaofahamiana. Hall aliwapima watu wa kwao, lakini kama makadirio ya kuanzia vipimo hivyo vinasaidia. Kwenye njia ya sentimita 60, wawili wasio ndugu hawapishani. Mmoja atarudi nyuma. Kwenye 90 mmoja anapita kwa raha na wa pili anageuza bega. Kwenye 120 wanapishana, hata mmoja akiwa na mtoto mgongoni.

Basi weka 120. Sababu nyingine ni jeneza. Jeneza la mita 2 kwa sentimita 60, likibebwa likiwa limelala, haligeuki kwenye kona ya pembe mraba yenye njia za mita 1. Kwenye njia za mita 1.2 linageuka. Nyumba isiyoweza kutoa maiti kwa heshima imekosewa, na siku ya msiba hakuna atakayevutiwa na ukuta wako. Kochi la watu watatu nalo lina shida hiyo hiyo, ila lenyewe unaweza kulisimamisha.

Kwa upepo, jenga mistari miwili ya chini na miwili ya juu kwa tofali za matundu, na usiufikishe ukuta darini.

Ngazi na kizingiti

Kupandisha sakafu kwa sentimita 10 hadi 15 kunazuia maji na mchanga, na kunawakumbusha watu kuvua viatu bila kuambiwa. Ni mpaka wa bei ndogo na unaeleweka na kila mtu. Kibaya ni kizingiti cha sentimita 2 hadi 4: hakionekani, ila kinatosha kumkwaa mzee au aliyebeba ndoo. Ama ukifute kabisa, ama ukipandishe na kukipaka rangi tofauti na sakafu. Kama ndani kuna anayetumia kiti cha magurudumu, ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa mita 1.8. Kama huna nafasi hiyo, achana na ngazi, chukua baraza na pazia.

Jaribu kwa kitambaa kabla ya tofali

Usimlipe mwashi kabla ya kuishi na mpaka wa bandia kwa wiki moja. Mbao tatu za mbili kwa mbili za futi 12 zinatoa fremu ya mita 1.5 kwa 1.8 pamoja na miguu miwili ya sentimita 60 na mihimili ya kuikaza. Mita 4 za kitambaa cha marekani, zikikatwa vipande viwili vya mita 2, zinaifunika. Isimamishe mahali ukuta utakapokuwa, weka mawe juu ya miguu, na uchore njia sakafuni kwa chokaa. Mgeni abishe hodi. Mtoto apite na sinia. Watu wawili wabebe kitanda. Kisha isogeze sentimita 20 na urudie. Tofali halisogezwi.

Fremu hiyo hiyo ndiyo kazi ya maonyesho, kwa shule au kikundi chenye chumba kimoja tu. Weka tano zikifuatana, njia ikianza na sentimita 120, kisha 90, kisha 60. Usishuke chini ya 60, na acha mlango wa kutokea kila baada ya fremu mbili kwa anayebanwa na pumzi. Badala ya watu kusimama mlangoni, kama walivyofanya wasanii Marina Abramović na Ulay huko Bologna, Italia, mwaka 1977 wakiwa uchi, jambo ambalo hapa lingefunga maonyesho kabla hayajafunguliwa, tundika kanzu upande mmoja na buibui upande wa pili, nafasi ya sentimita 60 katikati, kisha utazame nani anageukia wapi. Waingie watu wanne kwa wakati mmoja. Taa ziwe za LED, maana kitambaa na mshumaa havikai chumba kimoja.

Uchague nini

Mpangaji wa chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita: pazia la doti nzima na taa juu ya mlango. Kama mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe, fimbo ya kubana kati ya miimo miwili hushika pazia la kitambaa. Pazia la nyuzi litaiangusha.

Anayeanza kujenga: baraza, na mlango wa nyuma usinyooshane na wa mbele. Ukumbi ulionyooka toka barabarani hadi uani unaleta upepo mzuri, lakini unaleta na macho hadi jikoni. Sogeza mlango wa uani kwa sentimita 90 pembeni. Upepo utapinda, macho hayatapinda.

Nyumba iliyokwisha, yenye sebule inayofunguka moja kwa moja: fremu ya kitambaa kwanza, kisha ukuta wa kusitiri kama wiki ya majaribio imepita salama na kuna mita 1.2 za kuacha. Kama hazipo, baki na pazia zito, ongeza baraza nje.

Nyumba inayopokea watu wengi kwa harusi, msiba au unyago haifai ukuta wa kudumu mbele. Mwali anahitaji chumba chenye mlango wa kwenda uani bila kukatiza sebuleni, na hilo halitatuliwi na kitu chochote unachoweka mlango wa mbele. Lipangwe kwenye ramani, kabla ya msingi.